Nakimbia na kunyanyua vyuma: nipumzike siku ngapi kwa wiki?

Mzawa_wa_Kigamboni

Wakuu, habari za jioni.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie kupanga siku za mapumziko. Najiandaa na nusu marathoni ya Moshi mwishoni mwa Februari, zimebaki wiki 14. Umri miaka 34, kilo 72. Ratiba ya sasa ni hii:

Jumatatu: kukimbia km 8
Jumanne: jimu, miguu
Jumatano: kukimbia km 10
Alhamisi: jimu, kifua, mgongo na mikono
Ijumaa: kukimbia km 8
Jumamosi: jogingi na kikundi, km 13 hadi 15
Jumapili: jimu, mwili mzima

Mbio zote ni dakika 5 na nusu hadi 6 kwa kilomita. Siku za karibuni mwendo uleule unapandisha mapigo ya moyo hadi 165, zamani yalikuwa 152. Usingizi ni wa mang'amung'amu, na ugoko wa kushoto unauma upande wa ndani, hasa kilomita mbili za mwanzo, baadaye unaachia.

Maswali yangu: siku moja ya kupumzika inatosha au ziwe mbili? Kutembea au baiskeli siku hiyo kunahesabika kuwa ni kupumzika? Na nikisimama wiki nzima, pumzi itapotea? Kwenye kikundi kila mtu ana namba yake na hakuna anayeeleza sababu. Mimi nataka sababu.

---

Kocha_Pwani

Mkuu, anza kwa kuhesabu siku ambazo miguu inabeba mzigo, achana kwanza na siku za mazoezi. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Ijumaa, Jumamosi, na Jumapili pia, maana huo "mwili mzima" una skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma) ndani yake. Siku sita. Alhamisi peke yake ndiyo inapata nafuu, na hata hiyo wewe unaihesabu kuwa siku ya kazi. Halafu mbio zako zote nne ni za mwendo mmoja, si nyepesi kiasi cha kukuacha urudishe nguvu, wala si kali kiasi cha kukuongezea kasi. Unachoka kila siku kwa kiasi kilekile.

Umeuliza sababu. Sababu ni kwamba sehemu za mwili hazirudishi nguvu kwa kasi moja. Kila sehemu ina muda wake.

Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli hurudi ndani ya saa 24 hivi, ukila vya kutosha. Kwa kilo 72 na mazoezi ya kiasi chako, ni gramu 360 hadi 500 za wanga kwa siku. Wali uliopikwa gramu 100 unatoa kama gramu 28, kwa hiyo sahani moja ya jioni haifiki hata robo.

Misuli yenyewe: baada ya vyuma, ujenzi wa protini hubaki juu kwa saa 24 hadi 48, na maumivu hufika kileleni kati ya saa 24 na 72. Yakitokana na kuteremka mlima huwa makali zaidi, kwa sababu msuli unafanya kazi huku unavutwa. Liweke akilini hilo, njia ya Moshi ina kupanda na kushuka.

Kano zinakwenda polepole kuliko misuli. Saa 24 hadi 36 za kwanza baada ya mzigo mkubwa, kolajeni (protini inayoziunda) inayobomolewa inazidi inayojengwa, ndipo mizani inageuka. Ukiipiga kano ileile kila siku kwa nguvu, unaikuta bado iko kwenye deni.

Mfupa ndio mzito kuliko vyote. Ukizidishiwa mzigo, kwanza seli zinazokula mfupa uliochoka huchimba kwa wiki mbili tatu, kisha seli za kujenga hujaza kwa miezi kadhaa. Katikati hapo mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza. Ndiyo maana ugoko hauumi wiki ya kwanza ya kuongeza kilomita. Huanza wiki ya tatu mpaka ya sita, wakati pumzi iko vizuri na mtu anajiona yuko tayari kuongeza tena.

Sasa jibu la swali la kwanza. Mwili mzima siku moja, miguu siku tatu. Panga hivi, ugoko ukishapona:

Jumapili: mapumziko kamili
Jumatatu: jimu, sehemu ya juu ya mwili tu
Jumanne: asubuhi mbio kali (dakika 15 za kupasha, dakika 3 kali mara 5 na dakika 2 za mwendo mwepesi katikati, dakika 10 za kupoza), jioni jimu ya miguu
Jumatano: dakika 35 hadi 40 nyepesi
Alhamisi: jimu, juu tu
Ijumaa: dakika 30 nyepesi, mwishoni sekunde 20 za haraka mara 4
Jumamosi: mbio ndefu

Watu wengi hushtuka kuona mbio kali na jimu ya miguu siku moja. Ni makusudi. Ukiziweka siku mbili tofauti unaharibu siku mbili, ukiziweka pamoja na kupishana saa sita au zaidi, unapata siku nzima safi baadaye. Kali iwe kali, nyepesi iwe nyepesi. Nyepesi kwako, kwa joto la Dar la Novemba, ni dakika 6:45 hadi 7:30 kwa kilomita, na uweze kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Huwezi, tembea.

Mbio ndefu isizidi kwa zaidi ya asilimia 10 ile ndefu kuliko zote uliyokimbia ndani ya siku 30 zilizopita. Na kila wiki ya nne punguza kilomita zote mpaka asilimia 60 au 70 ya wiki iliyotangulia. Mfupa unaihitaji wiki hiyo kuliko unavyoihitaji Jumapili moja moja.

---

Tizi_Daima

Kocha, naheshimu hesabu yako, ila mbona wenzetu wa Kenya wanakimbia mara mbili kwa siku na hawaongelei mapumziko? Binafsi naona mwili unazoea. Sisi tunauendekeza sana.

---

Mwana_wa_Bonde

@Tizi_Daima, hapa Iten, Kenya, mapumziko yanaongelewa kila siku, pengine hamyaoni kwenye video kwa sababu hakuna cha kupiga picha mtu akilala.

Wiki ya kikundi cha kawaida huku, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ina siku tatu ngumu: Jumanne uwanjani, Alhamisi fatileki (kubadilisha kasi na mwendo mwepesi kwa zamu), Jumamosi mbio ndefu, au mpangilio unaokaribia huo. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni nyepesi. Jumapili wengi hawakimbii kabisa, wanaenda kanisani na kukaa na jamaa. Kati ya mbio ya asubuhi na ya jioni mtu amekula, amelala saa moja au mbili, na hana zamu ya ofisini wala foleni ya gari. Na baada ya marathoni, wiki mbili hadi nne huwa za kupumzika, nyingine bila hatua moja ya kukimbia.

Lakini kinachowapita wageni ni mwendo wenyewe wa siku nyepesi. Chukua marathoni ya Berlin 2022: Eliud Kipchoge alimaliza kwa saa 2:01:09, hiyo ni kama dakika 2:52 kwa kilomita. Mbio nyepesi za asubuhi huku huanzia dakika 5, hata 6 kwa kilomita, kikundi kizima kikienda taratibu barabara ya vumbi. Hesabu mwenyewe: siku nyepesi zinaanza kwa mwendo wa karibu mara mbili ya muda wa siku ya mashindano. Anayelenga kukimbia nusu marathoni kwa 5:30 na anafanya mbio zake zote kwa 5:30 hajaiga Wakenya hata kidogo.

Mwili unazoea, ndiyo. Unazoea ukiwa umelala.

---

Fizio_Upanga

Habari za usiku. Ratiba ya Kocha ni nzuri, ila @Mzawa_wa_Kigamboni usiianze kesho. Ugoko upate jibu kwanza.

Kaa kitini, weka mguu wa kushoto juu ya goti la kulia. Kwa kidole gumba bonyeza ukingo wa ndani wa mfupa, anzia juu ya kifundo, panda sentimita moja moja mpaka katikati ya ugoko. Angalia mambo haya:

Maumivu yakienea kwenye urefu wa sentimita 5 au zaidi, yako theluthi mbili za chini upande wa ndani, na yanaachia ukishapata joto, hiyo mara nyingi ni ngozi ya mfupa na mfupa wenyewe kukereka kwa mzigo. Inatibika vizuri ikiwahiwa.

Maumivu yakiwa sehemu moja ndogo, ukubwa wa sarafu, yanaongezeka kadiri unavyokimbia, yanauma usiku umelala, au ukiruka kwa mguu huo mmoja yanachoma kama msumari, shuku ufa wa mfupa. Hapo unaacha kukimbia siku hiyohiyo, unaenda hospitali. Usijaribu "kuona kama imepona" kwa kukimbia. Na ujue eksirei ya wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi hutoka safi hata kama ufa upo, kwa hiyo eksirei safi pamoja na maumivu ya sarafu haikupi ruhusa. MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) ndiyo huonyesha mapema. Kama maumivu yapo kwenye ukingo wa mbele wa mfupa, si wa ndani, usichelewe hata kidogo, eneo hilo hupona kwa shida na hukatika.

Kwa maelezo yako (mwanzo unauma, baadaye unaachia) naelekea aina ya kwanza. Fanya kipimo hicho cha kidole halafu uniambie.

Mambo manne yanayouchokoza ugoko mjini Dar, mbali na ratiba. La kwanza, viatu vya mtumba. Juu vinaonekana vipya lakini povu la soli limekufa zamani. Bonyeza povu kwa kidole gumba upande wa kisigino: likiwa gumu na limejaa mikunjo midogo ya kulala, kiatu kimekwisha. Kiatu kipya hudumu takriban kilomita 500 hadi 800. La pili, kukimbia ufukweni kwenye mteremko wa mchanga, au pembeni ya lami upande uleule kila siku. Mguu mmoja unakuwa juu na mwingine chini kwa kilomita zote. La tatu, hatua ndefu. Hesabu hatua zako kwa dakika moja, zikiwa 158 jaribu 166 hadi 170, mwendo uleule. Hatua fupi za haraka hupunguza kishindo kwenye ugoko. La nne, vigimbi dhaifu. Simama kwa mguu mmoja, nyanyua kisigino mpaka juu kabisa, shuka taratibu. Mkimbiaji afikishe mara 25 kila mguu. Wengi hukwama kwenye 12.

Tafadhali usimeze diklofenaki au ibuprofeni ili ukimbie. Inaficha kengele, na ukiwa umepungukiwa maji kwenye joto hili, figo ndizo zinazolipa.

---

Chuma_na_Kamba

Niongezee upande wa vyuma, maana hapo kuna kosa ambalo ni rahisi kulirekebisha.

Jimu ya Jumapili baada ya kilomita 15 za Jumamosi ndiyo ya kufuta kwanza. Miguu imechoka, mgongo wa chini umechoka, mkao wa skwati unaharibika kwenye marudio ya mwisho, na faida ni ndogo. Kwa mtu anayejiandaa na mbio, kikao kimoja cha miguu kwa wiki kinatosha, viwili vya juu vinatosha kabisa.

Kikao cha miguu kisizidi dakika 40: skwati seti 3 za marudio 5, dedilifti (kuinama na kunyanyua chuma) ya miguu karibu kunyooka seti 3 za marudio 6 hadi 8, kigimbi magoti yamenyooka seti 3 za 12, kigimbi magoti yamekunjwa seti 3 za 12. Pumzika dakika 2 hadi 3 katikati ya seti nzito, usiangalie simu ukajikuta umekaa dakika 8. Maliza seti ukiwa bado unaweza marudio mawili au matatu. Seti ya kushindwa kabisa inaongeza uchovu mwingi kuliko nguvu, na uchovu huo unaubeba mpaka Alhamisi.

Kanuni ya jimu ni saa 48 kwa msuli uleule, ukiwa mgeni au umevuka miaka 50 ifikishe 72. Ila msuli hauangalii jina la siku. Ukipiga kifua Jumatatu, mabega Jumanne na trisepsi (misuli ya nyuma ya mkono wa juu) Jumatano, trisepsi zimefanya kazi siku tatu mfululizo, kwa sababu zote hizo ni kusukuma. Kwa hiyo "napumzisha kifua" haimaanishi umepumzisha kiwiko.

Wiki ya nne Kocha akikupunguzia kilomita, na mimi nakupunguzia seti: uzito uleule, seti nusu.

Onyo moja kwa wote. Zile changamoto za pushapu mia kadhaa au skwati 500 kwa mtu ambaye hajazoea, hasa kwenye joto: ukiona misuli imevimba, ni migumu, na mkojo una rangi ya chai ya rangi au kola, huo ni msuli unaoyeyuka na kuziba figo. Ni dharura. Nenda hospitali usiku huohuo, usisubiri asubuhi.

---

Mzawa_wa_Kigamboni

Asanteni sana wakuu, na Dada Fizio. Nimebonyeza: maumivu yanaenea kama upana wa vidole vinne, upande wa ndani, hakuna sehemu moja inayochoma. Nikiruka kwa mguu mmoja yapo kidogo tu. Usiku hayaumi.

Mapigo ya asubuhi kitandani, saa inaonyesha 60 na 61, kawaida yangu ni 52. Hiyo peke yake inatosha kusema nimechoka? Na kile kipande cha kutembea siku ya mapumziko bado hakijajibiwa.

---

Kocha_Pwani

Nianze na kutembea. Siku ya Jumapili tembea dakika 20 hadi 40, kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani bila haraka. Damu inazunguka, misuli inalegea, hakuna kishindo cha maana. Baiskeli kwenye barabara tambarare inafaa pia, kuogelea taratibu vilevile. Kipimo ni hiki: ukimaliza uwe na nguvu kuliko ulipoanza, na mapigo yasivuke 110 au 115 hivi kwa umri wako. Ukiona umetoka jasho la kuloa fulana kwa sababu ya mazoezi na si kwa sababu ya jua, siku ya mapumziko imekwisha, umeifanya ya mazoezi. Mpira wa mchangani na watoto wa mtaa haumo kwenye orodha hii. Mbio za ghafla na kugeuka ni kazi kubwa kwa kano.

Kuhusu mapigo. Pima ukiamka, ukiwa bado umelala chali, hesabu dakika nzima. Linganisha na wastani wa siku 7, siyo na namba moja ya jana. Yakizidi kwa 5, siku hiyo fanya nyepesi. Yakizidi kwa 8 au zaidi asubuhi mbili mfululizo kama yako, usikimbie. Lakini usirukie kusema ni mazoezi. Bia za jana, usiku wa joto bila umeme, maji kidogo, homa inayoanza, vyote vinapandisha namba hiyohiyo.

Na kwetu huku uchovu usioeleweka una majina mengine. Pima joto la mwili. Likifika 37.5 au una baridi na kichwa kinauma, nenda kapime malaria, kipimo cha haraka kinatoa jibu kama dakika 15 hadi 20. Usikimbie ukiwa na homa ya aina yoyote, virusi vinaweza kugusa misuli ya moyo na hapo ndipo mazoezi yanaua. Homa ikiisha, subiri angalau siku mbili tatu, rudi kwa kutembea.

---

Bi_Hesabu

Kwa anayependa namba, kuna njia ya kupima mzigo wa mazoezi ya wiki, ya mtafiti wa mazoezi Carl Foster wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–La Crosse, makocha wengi wanaitumia tangu miaka ya 1990. Haihitaji saa ya bei.

Nusu saa baada ya zoezi jiulize: ugumu ulikuwa ngapi kati ya 0 na 10? Zidisha kwa dakika. Dakika 60 zenye ugumu wa 5 ni 300. Siku ya mapumziko ni 0. Andika siku saba, jumlisha, tafuta wastani, kisha tafuta tawanyiko la kawaida, yaani siku zinavyotofautiana na wastani (simu yako ina lahajedwali, fomula ni moja tu). Gawanya wastani kwa tawanyiko. Jibu likipanda kuelekea 2 na kuvuka, wiki yako ni ya rangi moja na uko kwenye hatari ya kuchoka kupita kiasi au kuugua.

Mfano. Wiki ya 540, 120, 480, 0, 420, 120, 420: jumla 2,100, wastani 300, tawanyiko kama 198, jibu ni 1.5. Sasa chukua 2,100 ileile, ifanye 320, 280, 320, 260, 300, 340, 280. Wastani bado 300, lakini tawanyiko linashuka hadi kama 26 na jibu linaruka hadi 11 na ushee. Jumla ya kazi ni ileile kabisa. Tofauti ni kwamba ya pili haina mahali pa kupumulia. Ratiba ya Mzawa imekaa kama hii ya pili.

---

Nuru_wa_Mwanza

Hamjagusa wanawake wala chakula, na mara nyingi kinachoitwa "kukosa mapumziko" ni kukosa kula.

Dada anayekimbia na kupunguza mwili kwa pamoja, siku zake zikikosekana miezi mitatu na hana mimba, mwili unamwambia nishati haitoshi. Mifupa inaanza kupoteza uimara hapo hapo, na siku ya tatu ya mapumziko haitamsaidia kama sahani ni ileile. Aende hospitali, na aongeze chakula kabla ya kuongeza kilomita. Wanaume nao wanapatwa, dalili zake ni hamu ya tendo kushuka na vidonda kutopona haraka, ila hakuna anayewauliza.

Pimeni damu pia. Hemoglobini chini ya 12 kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya 13 kwa mwanaume, ni upungufu wa damu, na mapigo yatapanda kwa mwendo uleule hata ukilala wiki. Chai ya rangi au ya maziwa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma yasifyonzwe. Iache ikae saa moja mbali na mlo. Weka limau au chungwa kwenye maharage na mchicha.

Protini kwa Mzawa, gramu 1.6 kwa kilo ni gramu 115 kwa siku. Yai moja ni 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa ni kama 15, dagaa wakavu gramu 50 wanakaribia 30. Siku ya mapumziko usipunguze hiyo. Ndiyo siku ujenzi unafanyika.

---

Abu_Salim_Tanga

Assalaam alaykum. Kwa wanaofunga: mwaka 2026 na 2027 mwisho wa Februari uko ndani ya Ramadhani, kwa hiyo mpangilio wa mapumziko unabadilika. Ziwe siku mbili kamili kwa wiki. Nyepesi ya dakika 30 hadi 40 ikae kabla ya magharibi, umalize dakika chache kabla ya kufuturu. Mbio kali au vyuma vizito viende baada ya tarawehe, saa mbili tatu baada ya futari, ukiwa umekunywa. Usiweke kali alfajiri baada ya daku, utakaa na kiu kutwa. Usingizi wa adhuhuri, hata dakika 30, uhesabu kuwa sehemu ya ratiba.

---

Mzawa_wa_Kigamboni

Shukrani Abu Salim, Bi Hesabu, Nuru, wote. Joto la mwili 36.6, hemoglobini 14.1, malaria hakuna. Limebaki la kupoteza pumzi, na Jumamosi hii niende na kikundi au nisiende?

---

Fizio_Upanga

Pumzi kwanza. Siku chache za mwanzo unachopungukiwa ni maji ya damu, ndiyo maana mtu akirudi anahema. Hayo hurudi ndani ya wiki moja ya mazoezi. Uwezo wenyewe wa kutumia oksijeni hauguswi sana ndani ya siku 10, na nguvu ya misuli hukaa wiki mbili hadi tatu. Tena wewe hutasimama kabisa, utaendesha baiskeli.

Siku 7 hadi 10 hukimbii. Siku tatu za kwanza lala, tembea, basi, mpaka mapigo ya asubuhi yarudi karibu na 52. Baada ya hapo baiskeli dakika 40 siku moja ndiyo moja hapana, bila kusimama kwenye pedali. Kigimbi seti 3 za 12 siku zisizo za baiskeli, ukianza na miguu yote miwili. Jimu ya juu endelea, Jumapili hapana.

Ruhusa ya kukimbia inapatikana hivi: kutembea kwa kasi dakika 30 bila maumivu, na kubonyeza ugoko asubuhi ya pili kusiume zaidi ya 2 kati ya 10. Ukifaulu, kimbia dakika 1, tembea dakika 2, mara 10. Kesho yake usikimbie. Rudia kikao hichohicho mara moja, kisha 2 kwa 1, kisha 4 kwa 1, kila hatua vikao viwili, daima siku moja katikati. Ugoko ukivuka 2 wakati wa kukimbia au asubuhi inayofuata, rudi hatua moja nyuma, usisukume. Itakuchukua kama wiki tatu kufika dakika 30 mfululizo, ndipo uanze ratiba ya Kocha bila mbio kali ya Jumanne kwa wiki mbili za mwanzo. Wiki zako 14 zinatosha kwa hayo yote, na siku 10 za mwisho kabla ya Moshi unapunguza kilomita mpaka nusu.

Jumamosi nenda, lakini na baiskeli. Wabebee maji. Mbele kidogo ya kikundi, usiwe nyuma, maana ukiwa nyuma utashawishika kushuka na kukimbia kipande.